Paka Aliyenukia Maua

Mwaka tisini na tatu, kiwanda cha vitambaa kilipopunguza wafanyakazi, Odeta alirudi Kirumba, mtaa wa kando ya ziwa, na barua ya kuachishwa kazi, kanga mbili alizopewa na wenzake, na mikono iliyokuwa haijui kazi nyingine. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akifua na kupausha vitambaa kabla havijatiwa rangi. Alikaa wiki nzima chumbani akisali rozari. Jumatatu ya wiki ya pili akatoka na beseni, akagonga mlango wangu.

"Mwalimu, nipe nguo zako chafu."

"Za nini?"

"Nizifue. Nikikaa bure siku nyingine moja nitaugua."

Mimi nilikuwa mpangaji mwenzake, chumba changu kikitazamana na chake, na nilifundisha darasa la tano katika shule ya msingi ya hapo karibu. Nilimpa shuka na magauni. Jioni alinirudishia vikiwa vimenyooka kama vimetoka dukani, na pale kwenye kola palipokuwa na doa la wino tangu Pasaka hapakuwa na kitu. Niliwaambia walimu wenzangu. Walimu wakawaambia ndugu zao. Kabla mwaka haujaisha Odeta alikuwa na nyumba saba za kufulia, Kirumba hadi Mabatini, na mawe yote makubwa ya mlima wa nyuma yetu yalikuwa yake: asubuhi ukiamka unayaona yamefunikwa mashuka meupe.

Alikuwa mwanamke wa Muleba, mrefu, mchache wa maneno, Mkatoliki wa kweli. Hakuzaa. Mume wake alikuwa amerudi Kagera kwenye migomba ya baba yake na hakutuma habari tena. Odeta hakumsema vibaya. Alisema tu, "Huko kuna mvua nyingi, labda barua zinalowa."

Wakati huo maduka ya Makoroboi yalikuwa yamebadilika. Sisi wote tulikumbuka miaka ya foleni, mtu anaamka alfajiri kupata mche mmoja wa sabuni, na akikosa anafulia majani ya mpapai. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa. Sabuni za unga zilipangwa hadi darini, za bluu, za kijani, kutoka Kenya, kutoka Dubai, kutoka nchi ambazo mimi mwalimu wa jiografia nilizitafuta kwenye ramani. Kulikuwa na maji ya kuondoa madoa, maji ya kung'arisha rangi, maji ya kuua vijidudu. Odeta alipenda kuingia humo kutazama tu. Alifungua vifuniko, akanusa, akafunga, mpaka wenye maduka wakamzoea.

Kati ya nyumba zake saba, kubwa ilikuwa ya Mama Kashindye wa Mabatini. Huyu alikuwa Msukuma wa Magu, mjane, mfanyabiashara wa mchele. Vyumba viwili vya nyumba yake vilijaa magunia, na mlinzi wa magunia hayo alikuwa paka jike mwenye madoa meusi na meupe aliyeitwa Mwenyekiti. Jina alipewa kwa sababu kila asubuhi alipita juu ya magunia, moja baada ya jingine, kama mkubwa anayekagua miradi. Usicheke. Kabla hajaja huyo paka, panya walitoboa magunia manane kwa msimu mmoja, na mchele uliokojolewa na panya hauuziki. Mama Kashindye alikuwa akisema hadharani kwamba nyumba ile ilisimamishwa na watu watatu: Mungu, yeye mwenyewe, na Mwenyekiti.

Mwezi wa nane mwaka tisini na nne, Mwenyekiti alikuwa amezaa watoto watatu. Walilala juu ya blanketi kuukuu ndani ya kapu, kwenye kona ya stoo. Na mwezi huohuo Mama Kashindye alikuwa akimwoza bintiye Kashindye. Wageni wangetoka Magu kwa lori zima. Akamwita Odeta.

"Dada, fua kila kitu. Mablanketi, mapazia, mashuka, hata hilo tambara la paka. Nataka mgeni akilala asikie raha. Wasiseme Mama Kashindye kaenda mjini akawa mchafu."

Odeta alirudi Kirumba akiwa na furaha ya mtu aliyeaminiwa kazi kubwa. Akapitia Makoroboi, akanunua kitu alichokuwa amekinusa mara nyingi bila kukinunua: chupa ya maji ya kulainisha nguo, ya rangi ya waridi, yenye picha ya mtoto mchanga amelala juu ya taulo. Akanijia nayo.

"Mwalimu, hiki Kiingereza kinasemaje?"

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilisoma maandishi makubwa ya mbele. "Kinasema kinalainisha na kunukiza. Unatia baada ya kufua, kwenye maji ya mwisho."

"Na haya madogo ya nyuma?"

Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo kama mbegu za ulezi, na maneno mengi sikuyajua. Ningeweza kwenda kuchukua kamusi. Ilikuwa ndani, juu ya kabati. Badala yake nikasema, "Ni mambo ya kiwanda tu. Anuani na nini."

Nimeandika habari hii yote ili nifike kwenye sentensi hiyo na niikiri.

Odeta aliifanya kazi ile kwa siku tatu. Mablanketi yalikuwa mazito, na yeye aliyezoea vipimo vya kiwandani, mapipa na mapipa, aliona kupima kwa kifuniko ni mzaha. Akamimina kwa mkono mkunjufu. Tambara la paka, kwa kuwa lilinuka zaidi, alilimiminia maji yale moja kwa moja bila kuyachanganya na kitu, akalikamua, akalianika bila kulisuuza, harufu isitoke. Siku ya nne alirudisha kila kitu, na yeye mwenyewe akalitandika lile tambara kapuni, akawalaza watoto wa paka juu yake mmoja mmoja.

Nyumba ya Mama Kashindye ilinukia mpaka barabarani.

Siku ya pili Mwenyekiti hakupanda magunia. Siku ya tatu alijikunja chini ya meza, udenda ukimtoka, na dagaa waliowekwa mbele yake wakakauka. Alikuwa akisogeza mdomo kwenye bakuli la maji, akigusa, akiruka nyuma kama aliyeungua. Mtoto mmoja wa paka alikutwa amekufa asubuhi hiyo.

Jirani wa ukuta mmoja na Mama Kashindye alikuwa Mzee Maige, mstaafu wa reli, mfugaji wa kuku. Miezi miwili nyuma Mwenyekiti alimla kifaranga wake, na mzee yule alisema mbele ya watu kwamba iko siku paka huyo atakutana na dawa. Kwa hiyo Mama Kashindye hakuhitaji kufikiri sana. Alitoka na kusimama mlangoni kwa mzee, sauti yake ikavuta nusu ya mtaa.

"Umeniulia paka! Kwa ajili ya kifaranga kimoja, mzee mzima!"

"Mimi sijagusa paka wako," Mzee Maige alisema. Alikuwa amevaa fulana na miwani yake ya kusomea, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Ulisema mwenyewe! Watu walisikia!"

"Nilisema. Sikufanya."

Odeta alikuwa ndiyo kwanza amefika kuchukua mashuka mengine yaliyoongezeka. Alipita katikati ya watu, akaingia ndani, akapiga magoti chini ya meza. Mimi nilikuwa nimemsindikiza siku hiyo kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, nikamfuata. Alimshika Mwenyekiti taratibu, akainamisha uso, akanusa shingo yake. Akanusa tena. Kisha akavuta mdomo wake kidogo kwa kidole. Ulimi ulikuwa mwekundu umechubuka, na pembeni kulikuwa na vidonda vyeupe.

Akanyanyua uso.

"Mwalimu," alisema, "paka huyu ananukia maua."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Nje, Mama Kashindye alikuwa akitaja balozi wa nyumba kumi na polisi. Odeta angeweza kukaa kimya. Nyumba ile peke yake ilimpa chakula cha nusu mwezi, na mzee yule hakuwa ndugu yake. Nilimwona akijipangusa mikono kwenye kanga, kama mtu anayejiandaa kupokea komunyo, akatoka mpaka mlangoni kwa jirani.

"Shikamoo, Mzee Maige."

"Marahaba," mzee alijibu kwa mshangao.

"Mama Kashindye, mwache huyu mzee. Ni mimi. Nililifua tambara kwa dawa yenye manukato, sikulisuuza. Paka amelala juu yake, manyoya yakashika dawa, naye anajilamba kutwa. Ameila kwa ulimi wake. Ni mimi."

Nilitaka kusema kwamba na mimi nimo, na ulimi ukanigomea. Nilisema baadaye, tukiwa watatu tu, na Mama Kashindye akanitazama kama mtu anayetazama nzi. Lakini pale mlangoni Odeta alisimama peke yake.

"Ondoka na beseni lako," Mama Kashindye alisema mwisho. "Usiguse tena nguo zangu."

"Nitaondoka, mama. Lakini niruhusu kwanza nimpeleke kwa daktari wa mifugo."

"Daktari wa ng'ombe atajua nini kuhusu paka?"

Mzee Maige ndiye aliyejibu. "Mnyama ni mnyama. Mpeni kapu langu la kuku, lina kifuniko."

Ofisi ya mifugo ilikuwa chumba kimoja chenye kalenda ya chanjo na harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wachungaji watatu walikuwa kwenye benchi, wakacheka walipoona kilichotoka kapuni. Daktari Mayala hakucheka. Alikuwa kijana kidogo, ametoka chuo cha Morogoro miaka michache nyuma, na nadhani alifurahi kupata mgonjwa asiye na pembe. Alimsikiliza Odeta hadi mwisho, akanusa manyoya, akasoma ile chupa tuliyopitia kuichukua Kirumba. Alisoma nyuma. Maandishi yote madogo.

"Hapa wanasema kifuniko kimoja kwa ndoo kubwa," alisema. "Wanasema yasiachwe kukaukia mwilini, yasiingie machoni wala mdomoni. Hawajataja paka. Lakini paka, dada yangu, si kama wewe. Wewe ukimwagikiwa unanawa. Ng'ombe anajisugua ukutani. Paka anaoga kwa ulimi. Chochote unachoweka juu ya paka umekiweka tumboni mwake."

"Atapona?"

"Vidonda vya mdomo vinapona akiweza kula. Kazi ni hiyo, kula."

Akatuelekeza. Kwanza, aogeshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya mche, kidogo sana, asuuzwe mpaka harufu iishe. Watoto wake vivyo hivyo. Tambara litupwe. Kisha anyweshwe kidogo kidogo, maji, maziwa, mchuzi wa samaki uliopoa usio na pilipili wala chumvi, kwa kijiko, kila mara. Akamchoma sindano moja ya kuzuia vidonda kuoza, akasema turudi baada ya siku tatu.

Mama Kashindye aliporudishiwa paka wake alikuwa bado amenuna. Hata hivyo aliweka maji jikoni. Na Odeta alipomtumbukiza Mwenyekiti kwenye beseni, yule paka mgonjwa akapata nguvu za ajabu, akamchana mkono kuanzia kiwiko hadi kidole. Odeta hakumwachia. "Una haki," alimwambia, damu ikidondoka majini. "Chana, mwanangu, una haki." Mama Kashindye aligeuza uso upesi, lakini niliona anacheka.

Siku tatu Odeta alishinda Mabatini. Nyumba zake nyingine zilisubiri. Alikaa sakafuni stoo, mgongo kwenye magunia, Mwenyekiti amefungwa kwenye kanga kifuani kama mtoto, na kwa kijiko cha chai akamtilia mchuzi pembeni ya mdomo. Nusu ulimwagika. Watoto wawili waliobaki Mama Kashindye aliwanyonyesha maziwa kwa kitambaa kilichosokotwa, na kwa kuwa kazi hiyo haifanyiki ukiwa umenuna, wale wanawake wawili walianza kuzungumza. Walizungumza juu ya waume. Walizungumza juu ya magugu maji yaliyoanza kuziba ufuko. Mama Kashindye alisimulia jinsi alivyotoka Magu na gunia moja la mchele kichwani.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Mwenyekiti alitoa kichwa kwenye kanga, akanusa sahani, akala samaki aliyepondwa. Alikula polepole, kichwa upande, kwa uchungu. Lakini alikula. Mama Kashindye akapiga kigelegele, na wageni wa harusi waliokuwa wameanza kufika wakadhani bibi harusi ametoka.

Tulimrudisha kwa Daktari Mayala akiwa na kilo pungufu na hasira kamili. Hapo Odeta akatoa maswali aliyokuwa ameyatunza.

"Daktari, nyumba zangu zote zina paka. Huku kwetu nani hana paka? Nifulie nini?"

Sikuwahi kumwona mtu akifurahia swali kama daktari yule. Alimwambia kwamba sabuni ya mche ya kawaida haina neno, na ya unga pia ikisuuzwa vizuri, isipokuwa ile isiyoyeyushwa ikimwagika sakafuni ifagiliwe na kupanguswa papo hapo, maana paka ataikanyaga na kulamba nyayo. Maji ya kupausha, yeye Odeta alishayajua ukali wake kiwandani. Yafunikwe, yasiachwe kwenye beseni wazi, na nguo isuuzwe hadi harufu ipotee. "Halafu kuna hizi dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia majini," alisema. "Nyingi za aina hiyo, ini la paka haliziwezi. Usizitie kwenye matandiko yao kabisa. Na manukato, mwachie mwenye kujipaka kwa hiari yake."

Jumamosi iliyofuata nilichukua kamusi na tukaenda Makoroboi. Nilisoma kila chupa, mbele na nyuma, na neno nililoshindwa nililitafuta hapohapo kaunta huku mwenye duka akihema. Zile ambazo hazikuwa na maandishi kabisa, na zilikuwa nyingi, Odeta alizirudisha. "Kisichosema kimetengenezwa na nini, sikifulii," alisema. Nyumbani alijaza glasi za maji akatia tone moja moja la dawa alizokuwa nazo, kuona ipi inageuka maziwa. Mbili ziligeuka. Akazitoa kwenye kazi yake. Alibaki na sabuni ya mche, unga wa aina moja usio na harufu kali, siki kidogo kwenye maji ya mwisho ya mablanketi ili yawe laini, na jua la mawe yetu. Kila nguo ilisuuzwa mara tatu. Maji aliyachota bombani, na siku ambazo bomba lilikauka, yaani siku nyingi, aliyapandisha kutoka ziwani na ndoo kichwani, akayachemsha kwanza kwa kuhofia kichocho.

Haikuwa rahisi. Watu walitaka harufu. Bwana Clavery, Mhaya mwenzake mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, alikuwa tayari kumpa mashuka ya vyumba kumi na viwili. Alimwita ofisini, wakasalimiana kwa lugha yao, kisha akasema:

"Sharti moja. Mgeni akifungua mlango asikie manukato. Ndiyo biashara ya siku hizi."

"Jikoni kwako kuna paka wangapi?"

"Wanne. Kwa nini?"

Odeta akamweleza. Bwana Clavery alicheka hadi akashika meza. "Paka! Odeta, nakupa kazi ya mwaka mzima, unaniambia habari za paka!"

"Nitakupa mashuka yanayonukia jua."

"Jua halina harufu."

Wakaachana. Njia nzima nilijua anafikiria vyumba kumi na viwili. Tulipofika uani alianika kanga zake, akasema tu, "Basi," akaingia ndani.

Lakini wiki hiyohiyo alikuja Mzee Maige, amebeba koti lake la kanisani, mashati sita, na pazia. Alisema mtu anayejitia hatiani kumwokoa asiyemjua, anaweza kuachiwa shati. Akamleta na mkwewe, mwenye mtoto mchanga aliyekuwa akitoka vipele kila akivalishwa nguo zilizofuliwa kwa unga wa kijani. Odeta alizifua nguo na nepi za mtoto huyo upya, akazisuuza mara nne. Vipele vilikauka kwa siku chache. Baada ya hapo, wanawake wenye watoto walikuja wengi kuliko wenye paka. Mama Kashindye naye hakusema kamwe kwamba amesamehe. Alituma tu mashuka, na juu yake pishi ya mchele.

Mwaka tisini na saba Odeta alikodi kibanda cha Mabatini chenye bomba lake na waya kumi za kuanikia, akaajiri wanawake wawili waliopunguzwa pamoja naye kiwandani. Mimi ndiye niliyeandika karatasi iliyobandikwa ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ikieleza kila sabuni inatiwa kiasi gani na inasuuzwa vipi. Hakuna maandishi madogo.

Mwaka huohuo akina mama wa parokia walimwomba awafundishe. Alikataa mara mbili, mara ya tatu padre alimsema kidogo akakubali. Ukumbi ulijaa. Alisimama na beseni na glasi za maji, akaonyesha dawa inavyogeuka nyeupe, akaeleza ulimi wa paka na ngozi ya mtoto. Alizungumza robo saa, kwake hayo yalikuwa maneno ya mwaka. Akina mama walipiga makofi. Kisha bibi mmoja wa nyuma, wa Igoma, akanyoosha mkono.

"Na bata je? Mimi bata wangu wanakunywa maji ya kufulia."

Odeta alifikiri.

"Sijui, bibi," alisema. "Kesho asubuhi nitakwenda kwa Daktari Mayala kumuuliza. Jumapili ijayo njoo nikuambie. Kwa leo, wafungie."